Mikono Kizimbani: Mafunzo ya Wakalimani wa Lugha ya Ishara kwa Kazi ya Mahakamani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua aina ya mafunzo anayohitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ili aweze kufanya kazi katika vituo vya polisi na mahakama za Kenya. Yanashikilia kwamba kuijua lugha hiyo ni mwanzo tu wa safari. Mahakamani, kila tamko hubeba uzito wa kisheria, na kazi kubwa ya mafunzo ni kumwezesha mkalimani kuuvusha uzito huo bila kuuongeza wala kuupunguza. Mifano mingi imetolewa katika Kiswahili kwa sababu ni mojawapo ya lugha rasmi za mahakama za chini, na kwa sababu tatizo lenyewe linaigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja.

Utangulizi

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya ina kifungu cha 167 ambacho wanafunzi wa lugha hawana mazoea ya kukisoma, ingawa kinawahusu. Kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya mshtakiwa ambaye, japo hana ugonjwa wa akili, hawezi kufahamishwa yanayoendelea katika kesi yake. Kwa mujibu wa kifungu hicho kama kilivyotungwa, iwapo ushahidi ungetosha kumtia hatiani, mtu huyo hakupewa kifungo chenye mwanzo na mwisho. Aliamriwa azuiliwe kwa muda ambao Rais angependa. Zuio la namna hiyo limepingwa katika Mahakama Kuu tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika. Hata hivyo, maneno ya kifungu hicho yanazua swali la kiisimu ambalo halijakwisha: ni nani hasa asiyeweza? Je, ni mshtakiwa asiyeweza kufahamu, au ni mahakama isiyoweza kufahamisha?

Kwa mshtakiwa kiziwi, jibu la swali hilo mara nyingi humtegemea mtu mmoja anayesimama karibu na kizimba, naye ni mkalimani. Akiwapo na akiwa amefunzwa vyema, mshtakiwa huifuata kesi yake kama mtu mwingine yeyote. Asipokuwapo, au akiwapo ilhali hajui kazi ya mahakama, kiziwi hugeuka mtazamaji wa kesi inayoamua maisha yake. Kwa hivyo, mafunzo ya mkalimani huyu ni suala la haki kabla hayajawa suala la ajira au vyeti.

Mkalimani katika Sheria ya Kenya

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa wa ahadi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iendeleze na kukuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kukaa kimya. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kifungu cha 54 nacho kinamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, na kifungu cha 120 kinaitaja lugha hiyo pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao unazitaka nchi wanachama kuwapa watu hao nafasi sawa ya kuifikia haki.

Sheria ya Ushahidi ilitangulia mengi ya hayo. Inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na ushahidi huo huhesabiwa kuwa ushahidi wa mdomo. Yaani, mbele ya sheria, mikono ya kiziwi ni mdomo wake. Kinachobaki ni kumpata mtu anayeweza kuusoma mdomo huo kwa uaminifu.

Ni muhimu pia kutofautisha mkalimani na yule msaidizi ambaye Katiba, katika kifungu cha 50, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 zinaruhusu amsaidie mlalamishi, mshtakiwa au shahidi dhaifu kuwasiliana na mahakama. Msaidizi anaweza kurahisisha swali ili shahidi alielewe. Mkalimani hana ruhusa hiyo. Swali likiwa gumu, mkalimani hulipeleka likiwa gumu. Likiwa na utata, hulipeleka na utata wake, au huieleza mahakama waziwazi kwamba utata huo hauwezi kuvushwa jinsi ulivyo. Mkalimani asiyefunzwa huzichanganya kazi hizi mbili, tena kwa nia njema. Humwonea kiziwi huruma, akaanza kumfafanulia, na bila kujua akawa wakili wake.

Lugha Tatu Katika Chumba Kimoja

Tangu William Stokoe achapishe uchanganuzi wake wa lugha ya ishara ya Marekani mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba lugha za ishara ni lugha kamili zenye fonolojia, mofolojia na sintaksia yake. Nchini Kenya, Mradi wa Utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991. Kwa hivyo, dhana kwamba viziwi huonyesha Kiswahili au Kiingereza kwa mikono haina msingi. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo wenzao wa Tanzania wangeiweka katika kundi la lugha za alama, ina sarufi yake isiyofuata mpangilio wa sentensi ya Kiswahili.

Mahakamani, lugha hii hukutana na lugha nyingine mbili. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi anaweza kutoa ushahidi kwa Kikamba, karani akautafsiri kwa Kiswahili, mkalimani wa Lugha ya Ishara akauchukua kutoka Kiswahili na kumfikishia mshtakiwa kiziwi, huku hakimu akiuandika kwa Kiingereza. Maneno ya shahidi mmoja huwa yamevuka mito mitatu kabla ya jua kusogea. Kila mto una hatari yake.

Jambo lingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kulizingatia ni kwamba watahiniwa viziwi nchini Kenya hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kiziwi anaweza kuhitimu shule ya upili bila kukisoma Kiswahili kabisa. Afisa wa polisi anayemwandikia maswali kwa Kiswahili akidhani amelitatua tatizo huwa ameliongeza. Vilevile, mafunzo ya wakalimani yanayoegemea Kiingereza peke yake yatamwacha mkalimani akipwaya katika mahakama za chini, ambako Kiswahili cha kisheria hutumika: kukiri na kukana mashtaka, dhamana, mdhamini, kizuizi, rufaa, kielelezo, utetezi. Mkalimani asiyejua tofauti kati ya dhamana na faini kwa Kiswahili hawezi kuipata tofauti hiyo mikononi.

Tatizo la Kitenzi Kimoja

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini umahiri wa kawaida hautoshi. Kiongozi wa mashtaka anamuuliza shahidi kiziwi: "Je, mshtakiwa alikupiga?" Kwa Kiswahili, swali hili ni pana. Kitenzi piga hakisemi lolote kuhusu namna ya kupiga mpaka kipewe kijalizo: kupiga ngumi, kofi, teke, fimbo. Msikilizaji wa Kiswahili hulipokea swali likiwa na upana huo.

Katika lugha za ishara, vitenzi vya aina hii mara nyingi huonyesha tendo lenyewe. Umbo la kiganja, mwelekeo wa mkono na mahali pigo linapoishia huwa ni sehemu ya maana. Mkalimani akikunja ngumi na kuielekeza usoni, ameuliza: "Je, alikupiga ngumi ya uso?" Hilo ni swali elekezi, na sheria ya ushahidi hairuhusu shahidi aulizwe maswali elekezi na upande uliomwita pale upande wa pili unapopinga, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Lakini ni nani atakayepinga? Wakili wa utetezi amesikia swali halali la Kiswahili. Hakimu naye amelisikia hilohilo. Aliyeliona swali elekezi ni shahidi pekee, na mkalimani aliyeliuliza huenda hajui kwamba ameliuliza.

Upande wa pili wa mto una hatari vilevile. Shahidi anajibu kwa kuonyesha kofi lililotoka nyuma na kumpata upande wa kushoto wa uso. Mkalimani anasema kwa sauti: "Ndiyo, alinipiga." Hajasema uongo, ila ameutupa ushahidi wenyewe. Iwapo mshtakiwa anadai kwamba walikuwa wametazamana wakati wa ugomvi, mwelekeo wa kofi hilo ndio ungeiamua kesi.

Mafunzo humpa mkalimani njia za kukabiliana na hali hii. Anaweza kuieleza mahakama kwamba swali haliwezi kuonyeshwa bila kutaja namna ya kupiga, na kuomba liulizwe kwa njia nyingine, kwa mfano: "Mshtakiwa alikufanya nini?" Njia hii hupunguza kasi ya kesi, na mkalimani mgeni huiogopa kwa kuwa hapendi kumkatiza hakimu. Kujasiri kuomba ufafanuzi, kwa heshima na kwa wakati wake, ni stadi inayofunzwa na kufanyiwa mazoezi.

Kiswahili nacho kina faida yake hapa. Kiambishi cha nafsi ya tatu, a-, hakitaji jinsia. Shahidi kiziwi anapoelekeza kidole mahali alipomweka mtu katika nafasi iliyo mbele yake, mkalimani anaweza kusema "aliingia" bila kubuni kama ni mwanamume au mwanamke. Akitafsiri kwa Kiingereza atalazimika kuchagua au kuuliza. Mkalimani anayezijua lugha zote tatu hutambua mahali ambapo kila lugha humlazimisha kusema zaidi ya alichoambiwa.

Haki ya Kukaa Kimya

Mtihani mwingine hutokea katika kituo cha polisi, kabla ya mahakama kuingia. Afisa anamwambia mshukiwa kiziwi kwamba ana haki ya kukaa kimya. Mkalimani akiichukua ishara ya kawaida ya kunyamaza na kuitoa jinsi ilivyo, mshukiwa ataelewa nini? Huyu ni mtu ambaye pengine hajawahi kutumia sauti maishani. Anaweza kuona ameambiwa jambo lisilo na maana, au ameamriwa atulize mikono. Haki imegeuka amri.

Maana ya kisheria ya kauli hiyo haimo katika neno kimya. Maana yake ni kwamba halazimiki kujibu, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumiwa kama ushahidi. Mkalimani aliyefunzwa huvusha maana hiyo. Akiona kwamba kauli ya afisa ni fupi mno kuibeba, humwomba afisa mwenyewe aifafanue, kisha huukalimani ufafanuzi huo. Haanzi kutoa somo la sheria kwa niaba ya polisi. Mpaka huu ni mwembamba, na hauonekani kwa mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa ulipo.

Isitoshe, ishara hupita na kutoweka. Kinachobaki katika faili ya polisi ni taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, yaani maneno yaliyoteuliwa na mkalimani na afisa, huku saini ikiwa ya kiziwi. Ndiyo maana watetezi wa taaluma hii husisitiza kwamba mahojiano ya kiziwi yarekodiwe kwa video, ili uteuzi wa maneno uweze kuchunguzwa baadaye. Ni kwa sababu hiyohiyo inashauriwa kwamba mkalimani wa kituoni asiwe ndiye mkalimani wa kesi hiyo mahakamani. Anaweza kuitwa kuwa shahidi kuhusu yaliyosemwa, na mtu hawezi kuwa shahidi na daraja kwa wakati mmoja.

Kutikisa Kichwa

Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa. Shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Akikiri, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha asomewe maelezo ya kosa na kupewa nafasi ya kuyapinga. Utaratibu huo bado ni msingi wa mahakama za Kenya.

Kwa kiziwi, maneno yake mwenyewe ni ishara, na miongoni mwa ishara hizo kuna mwendo wa kichwa. Mtu anayetazama mazungumzo ya ishara hutikisa kichwa juu na chini ili kuonyesha kwamba anafuata, kama msemaji wa Kiswahili anavyoitikia "ehe" katikati ya hadithi. Shtaka likisomwa na mshtakiwa akatikisa kichwa hivyo, mtu asiyejua ataona amekiri. Mkalimani aliyefunzwa hungoja jibu kamili, na pale ambapo hana hakika huieleza mahakama kwamba hajapata jibu. Tofauti kati ya "nakufuata" na "nimekubali" inaweza kuwa tofauti kati ya kwenda nyumbani na kwenda gerezani.

Pale Lugha Inapokosekana

Si kila kiziwi aliyejifunza Lugha ya Ishara. Wapo waliokulia mbali na shule za viziwi na mbali na viziwi wenzao, wakabaki na ishara za nyumbani zinazoeleweka na mama na ndugu tu. Kesi ya Donald Lang wa Chicago, Marekani, ni funzo chungu. Mwaka 1965 alishtakiwa kwa mauaji. Alikuwa kiziwi asiyejua kusoma, kuandika wala lugha rasmi ya ishara. Wakili wake, Lowell Myers, alikuwa kiziwi pia, lakini hata yeye hakuweza kuzungumza na mteja wake. Lang alizuiliwa kwa miaka bila kesi kusikilizwa. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliamua apewe nafasi ya kushtakiwa, na mwaka 1971 akaachiliwa kwa kuwa shahidi mkuu alikuwa amefariki. Mwaka huohuo alishtakiwa kwa mauaji mengine, akapatikana na hatia mwaka 1972, na hukumu hiyo ikafutwa mwaka 1975. Swali la kifungu cha 167, ni nani asiyeweza, lilikuwa limeulizwa mbali na Kenya, na huko pia halikupata jibu jepesi.

Katika hali zinazokaribia hiyo, wakalimani wa leo hufanya kazi na mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi. Kwa kuwa amekulia katika ulimwengu wa macho, huweza kuunganisha ishara za nyumbani, uigizaji, picha na vitu vilivyopo ili kufikia maana, kisha akaipeleka kwa mkalimani asikiaye, naye akaitoa kwa sauti. Mafunzo yanapaswa kumwezesha mkalimani asikiaye kutambua mapema kwamba amefika mwisho wa uwezo wake na kusema hivyo mahakamani. Kuficha jambo hilo ili kuhifadhi heshima ni kosa kubwa kuliko kutojua ishara fulani.

Mtaala wa Mafunzo

Kutokana na yaliyojadiliwa, mtaala wa ukalimani wa kisheria unapaswa kujengwa juu ya nguzo nne. Ya kwanza ni lugha. Mwanafunzi aingie akiwa tayari mahiri katika Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha afunzwe Kiswahili na Kiingereza cha mahakama, hasa maana ya istilahi. Kuendeleza herufi za neno la kisheria kwa vidole hakumsaidii kiziwi asiyejua maana yake.

Ya pili ni utaratibu wa kesi: kukamatwa, kusomewa mashtaka, dhamana, kusikilizwa, utetezi, hukumu na rufaa. Mkalimani anayejua kwa nini swali linaulizwa hulivusha vyema kuliko anayelisikia tu.

Ya tatu ni mbinu. Ukalimani sawia, unaokwenda bega kwa bega na msemaji, huwafaa wanaofuatilia kesi. Ukalimani fuatizi, ambapo mkalimani husubiri tamko likamilike, hufaa zaidi ushahidi wa shahidi kwa sababu huruhusu usahihi. Kwa kuwa uchovu huharibu usahihi, wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Aidha, mkalimani huzungumza kwa nafsi ya kwanza ya shahidi: "Nilikuwa sokoni." Anapojisemea yeye, hutumia nafsi ya tatu: "Mkalimani anaomba swali lirudiwe." Sarufi hapa hulinda kumbukumbu za mahakama zisichanganye sauti mbili.

Ya nne ni maadili: usiri, uaminifu na kutoegemea upande. Jamaa wa kiziwi, hata awe mjuzi wa ishara, hafai kuwa mkalimani wa kesi yake, hasa pale ambapo mshukiwa ni mtu wa nyumba hiyohiyo.

Nguzo hizi haziwezi kujengwa darasani pekee. Mahakama za mazoezi zinazowakutanisha wanafunzi wa sheria, wa ukalimani na wa Kiswahili, viziwi wakiwa walimu na watathmini, zingewapa wote fursa ya kukosea mahali ambapo kosa halimfungi mtu. Nchini Marekani, ambako chama cha wakalimani wa viziwi kiliundwa mwaka 1964, cheti maalumu cha ukalimani wa kisheria kilitolewa kwa miaka mingi juu ya cheti cha kawaida. Msingi wa utaratibu huo unafaa kuigwa: kufaulu katika ukalimani wa hospitalini au kanisani hakumpi mtu ruhusa ya kusimama kando ya kizimba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitenzi kimoja, kauli moja ya haki na mtikiso mmoja wa kichwa vinaweza kuyumbisha kesi nzima ilhali hakuna hata mmoja chumbani aliyetambua kilichotokea. Vyuo vikuu vya Kenya vina idara za isimu, sheria na Kiswahili ambazo, zikishirikiana na vyama vya viziwi, zinaweza kuandaa mafunzo haya. Idara za Kiswahili hasa zina deni hapa, kwa kuwa maneno yanayovushwa katika mahakama za chini ni maneno zinazoyachunguza kila siku. Mkalimani aliyefunzwa akisimama kando ya kizimba, mahakama haitakuwa tena na sababu ya kusema kwamba mshtakiwa hawezi kufahamishwa kabla ya yenyewe kujifunza kumfahamisha.